Hatua Nne za Majani

Mama mkwe wangu Tupokigwe alikuwa hana meno mawili ya mbele, sikio lake la kushoto limekatika ncha, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kimepinda hakinyooki. Waliomwona mara ya kwanza walimwonea huruma, wakadhani marehemu mumewe alikuwa mpigaji. Gideoni hakuwahi kumgusa hata kwa ufagio. Vyote hivyo alivipata kwa ajili ya majani, na mimi Esta nilikuwepo.

Majani yenyewe yalikuwa na upana wa hatua nne. Yalikata mteremko wetu kule Uporoto, kutoka njia ya ng'ombe hadi kwenye mianzi, yakitenganisha shamba la juu na la chini. La chini lilikuwa la Gideoni, la juu la mdogo wake Yotamu. Baba yao aliwagawia hivyo na kusema majani yasiguswe. Hakusema kwa nini. Wazee wa siku zile walikuwa na ugonjwa huo, wanakuachia amri, sababu wanaenda nayo kaburini.

Gideoni alikufa kwa kichomi mwaka 1953, mwezi wa saba, umande ulipokuwa unaganda juu ya majani. Mimi nilikuwa na miezi minne tu tangu niolewe na mwanawe Saulo, na Saulo alikuwa ameshaondoka kwenda migodini Afrika Kusini. Nikabaki na mama mkwe, wanawake wawili na majembe mawili.

Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo walimweka Tupokigwe kitako. Kwa desturi yetu mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, na ndugu alikuwa Yotamu, mwenye wake wawili na mkono mwepesi wa kupiga. Tupokigwe akakataa. Akasema yeye amebatizwa, na hata asingebatizwa, Yotamu hamtaki. Wazee walinong'onezana, kisha wakampa jibu ambalo wao waliliona la huruma.

"Ukijilisha mwenyewe, kaa hapo ulipo. Siku utakayokuja kuomba unga, utahamia kwa Yotamu."

Kwa hiyo msomaji asidhani nasimulia habari za udongo. Lile shamba ndilo lililokuwa linamzuia mwanamke mmoja asilale kwenye nyumba ya mwanamume anayemchukia. Likitoa chakula, ni mtu huru. Lisipotoa, ni mke wa tatu.

Na alilijua shamba lile. Udongo wa kwetu ni mweusi, mwepesi, ulimwagwa na milima ya moto zamani, na hauendi chini sana. Ukichimba hadi kiunoni unakuta kokoto nyeupe, nyepesi, ukizitupa majini zinaelea. Hapo hapaoti kitu. Tupokigwe kila mwisho wa mvua alikata magugu, akayalaza, akayafunika kwa udongo yaozee ndani ya tuta. Siku moja alinishika mkono akauzamisha ndani ya tuta hadi kiwiko.

"Unasikia?"

Nilisikia mabonge madogo madogo, yana vitundu, ukiyaminya yanameguka taratibu. Mvua ilipokuja ilizama humo bila makelele. Nilimwambia nasikia, ingawa wakati ule nilichosikia zaidi ni minyoo.

Mwaka uliofuata Yotamu akapanda pareto. Kila mtu mwenye shamba la juu alikuwa anapanda pareto, maua yanakaushwa na lori linayafuata barabarani. Pareto haitaki mwenzake shambani. Wake zake walipalilia mpaka hapakuonekana jani hata moja, na wapita njia walisifu usafi ule. Mimi niliona udongo wake umekuwa unga. Mvua ya kwanza iliupiga ukatengeneza ngozi juu, na mvua ya pili ikateleza juu ya ngozi hiyo, ikaja mbio na rangi ya chai ya maziwa mpaka kwenye majani yetu. Pale ikasimama. Ikaacha tope lake kwenye mashina, upande wetu yakatoka maji matupu.

Bwana shamba wa serikali alipita mara moja, akachomeka vigingi kuonyesha jinsi matuta yanavyotakiwa kukata mteremko. Tuliving'oa akiwa bado anaonekana barabarani. Miaka ile hakuna aliyetaka kusikia lolote la serikali, hata lingekuwa la kweli. Mimi niling'oa vitatu, na nilifurahi.

Mwezi wa kumi Yotamu alianza kula mpaka. Kula mpaka hakuhitaji ushujaa. Unalima kama kawaida, ukifika ukingoni jembe linazidi upana wa jembe moja, halafu unajifanya hamnazo. Kesho yake tena. Siku ya tatu Tupokigwe alitoka ndani na mpini wa jembe lililovunjika, mti mgumu mweusi wa Gideoni, akapanda mteremko.

Hapa lazima nieleze jambo, vinginevyo mtaniona mwoga. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake, wala ndugu za baba mkwe. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia vichakani na kujifunika. Naye baba mkwe anageuza uso. Yotamu kwangu alikuwa baba mkwe. Kwa hiyo nilijibanza nyuma ya ua wa mianzi, kanga kichwani, nikachungulia kwa jicho moja, na hata hilo lilikuwa kosa.

"Shemeji, rudisha jembe lako nyuma," mama alisema.

"Majani haya ya nani? Umeyapanda wewe?"

"Ya baba yenu."

"Baba alikufa. Mimi nina wake wawili, na wa tatu anakuja. Watakula nini, majani?"

Aliposema wa tatu alicheka. Mpini ukamshukia kwenye bega, nikasikia mfupa ukilia. Yotamu hakuanguka. Alimpiga ngumi ya mdomo, mama akakaa chini, akainuka, akapigwa tena, na safari hii alitema meno mawili kwenye kiganja chake, akayatazama, akayaweka kwenye pindo la nguo kama mtu anayeweka mbegu. Kisha akamng'ata mkono. Wake wa Yotamu walikuja kuwaachanisha nao wakaambulia mateke. Mimi nilikuwa nimeuma kanga yangu mpaka imetoboka. Nilijichukia sana siku ile, na niliichukia desturi.

Yotamu alitembea na mkono kwenye kitambaa mpaka Krismasi. Hakugusa majani msimu mzima. Lakini mwaka 1955, mvua zilipokatika, tulikuta mbuzi wetu aliyefungwa pale majanini amekatwa miguu ya nyuma kwa panga, yu hai bado, analia. Tupokigwe alimchinja. Akachukua panga lenye damu ya mbuzi, akaenda hadi mlangoni kwa Yotamu. Walipambana uani, panga kwa panga. Yeye alipoteza ncha ya sikio na kidole kikavunjika, Yotamu akachanwa paja. Na Yotamu alimfuata akichechemea mpaka kwenye majani, akipiga kelele kwamba leo atayalima yote, hata kama atalima juu ya maiti ya mtu.

Mama alikuwa amelala kifudifudi, damu ya sikio inamtiririka shingoni. Yotamu aliinua jembe. Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza. Nilitoka nyuma ya ua, nikatupa kanga chini, nikasimama katikati ya majani kichwa wazi, nikamtazama baba mkwe wangu usoni.

Sijawahi kuona mwanamume mwenye jembe akikimbia vile. Aliziba macho kwa kiwiko, akageuka, akajikwaa, akatambaa, akaondoka. Hakuweza kupita niliposimama. Tangu siku ile, nikimwona anashuka na jembe, naenda kusimama majanini. Akija upande wa mianzi, nahamia upande wa mianzi. Wiki tatu nilimfukuza mzee wa watu kwa uso wangu tu. Tupokigwe, na bandeji yake kichwani, alicheka mpaka kidonda kikafunguka.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru kwa lugha ya kwetu. "Ndaga fijo. Saulo ameoa askari."

Raha ile haikudumu. Yotamu akashtaki barazani kwamba mkamwana amemvulia kanga na kumwaibisha. Wanaume kumi na moja walikaa siku nzima kulijadili hilo. Mimi nilikatazwa kusimama tena pale kichwa wazi, la sivyo nirudishwe kwetu na ng'ombe wa mahari warudi. Kuhusu majani, mkubwa wa baraza alitaka aonekane mtenda haki. Alipima mwenyewe kwa miguu. Hatua nne. Mbili za Yotamu, mbili za Tupokigwe.

"Kila mtu alime zake kabla mvua haijaanza," alisema. "Zisizolimwa ni pori, atachukua yule mwingine. Sitaki tena damu hapa."

Tupokigwe alisimama. "Mzee, majani hayo yanashika maji. Mkiyalima..."

"Mama Saulo, unataka haki au unataka yote?"

Watu wakacheka. Alikaa chini. Nilimwona uso wake ukifunga, na nilijua kuna jambo litatokea, nikadhani atamuua Yotamu. Afadhali angemvamia Yotamu siku ile.

Yotamu alilima hatua zake mbili asubuhi yake. Zetu zilibaki, na kila siku alikuja kusimama kwenye mpaka mpya, akitema mate upande wetu, akihesabu wiki zilizobaki kabla ya mvua. "Pori hilo," alikuwa akisema kwa sauti, ili sisi tulio ndani tusikie. "Pori hilo ni langu." Siku ya kumi Tupokigwe aliacha chakula, akashika jembe.

Nilimuuliza, "Mama, unaenda kumpiga?"

"Naenda kulima."

"Lakini mama, wewe ndiye uliyesema..."

"Hatalipata!" alipiga kelele, mate yakanirukia usoni. "Hata mzizi mmoja hataupata! Shika jembe."

Nilishika. Hilo ndilo nisilojisamehe, kwa sababu mimi mkono wangu ulikuwa umeshaingia ndani ya tuta, nilikuwa nimesikia. Tulilima hatua zile mbili kwa siku nne, kwa hasira. Mizizi ilikuwa imefumana kama mkeka, jembe linadunda. Tulipiga, tukakata, tukavuta, tukachoma moto rundo zima Yotamu akitazama. Aliondoka amenuna. Sisi tulicheza. Ndiyo, tulicheza, mjane na mkamwana, juu ya udongo mtupu, tukidhani tumeshinda.

Mvua kubwa ilikuja mwezi wa tatu mwaka 1956. Ilinyesha siku mbili bila kupumzika, na asubuhi ya siku ya tatu nilisikia mlio juu, mzito, wa kitu kinachokokotwa. Nilitoka. Maji yalikuwa yanashuka kutoka kwenye pareto, mekundu na meusi, na pale yalipozoea kusimama hayakusimama. Yaliingia kwenye zile hatua nne za udongo mtupu, yakageuka, yakauchimba. Mfereji ulifika magotini nikiwa natazama. Ulifika kiunoni. Kisha ukafika kwenye kokoto nyeupe, na hapo mlima ukawa hauna miguu. Kokoto ziliondoka kwa pamoja, zikielea, na udongo uliokuwa juu yake ukaanguka vipande vipande ukubwa wa nyumba. Matuta yetu yalikwenda yakiwa na viazi vyake. Nusu ya pareto ya Yotamu ikafuata, na banda lake la kukaushia maua, na ng'ombe mmoja, ambaye sauti yake bado naisikia.

Tupokigwe alikuwa ndani ya mfereji. Alikuwa anapigana nao. Alikuwa anarusha udongo kwa jembe kuziba maji, anatukana, anapiga maji kwa jembe kama vile ni mtu. Ukingo ukamwangukia. Nilichoona mwisho ni mkono wenye kidole kilichopinda.

Nilirukia kule. Nilichimba kwa kucha. Mtu mwingine aliruka upande wa pili akaanza kuchimba nami, vichwa vyetu vinagongana, mikono yetu inagusana ndani ya tope, na ilikuwa muda mrefu kabla sijajua ni Yotamu. Hakugeuza uso. Mimi nami sikujifunika. Kucha zangu tatu zilibaki mle. Tulimpata kichwa kwanza, Yotamu akamshika nywele, mimi kwapa, tukamvuta akatoka akiwa mzima, mdomo umejaa udongo.

Yotamu aliketi matopeni akihema. Aliangalia juu, akaangalia chini. Kutoka njia ya ng'ombe hadi bondeni palikuwa na korongo jeupe, unaweza kuficha lori ndani yake. Akasema, na sikusikia furaha yoyote katika sauti yake:

"Shemeji, shamba hakuna. Sasa utahama."

Tupokigwe alimtemea usoni udongo wote uliokuwa mdomoni.

Lakini alikuwa amesema kweli. Tulikula karibu mbegu zote, tukala majani ya maboga, tukala viazi vya jirani vilivyooza upande mmoja. Wazee waliagiza salamu kuuliza kama mjane bado anajilisha. Mwezi wa sita mvua zilipokuwa zimekatika, Tupokigwe alipotea tangu asubuhi. Nilimfuata kwa nyayo zake hadi bondeni, kwenye matete, mahali ambapo hapakuwa pa mtu kwa sababu palikuwa maji ya baridi mwaka mzima. Nilimkuta amepiga magoti. Tope la korongo lilikuwa limetua pale, limejaza kinamasi, limekuwa kisiwa cheusi kipana. Alikuwa ameshika bonge mkononi analivunja. Ndani yake mlikuwa na kipande cha chungu chetu, na shina la pareto.

"Huu ni wangu," alisema. "Naujua."

Kwetu ardhi isiyo ya mtu ni ya jembe la kwanza. Alishalipiga. Tulipanda mbegu za maharage tulizobakiza na viazi vidogo, na mwezi wa tisa tulikula. Wazee waliacha kuagiza salamu.

Ila Yotamu alikuja. Shamba lake lililobaki lilikuwa kokoto na vumbi, pareto imekauka imesimama, na mke wake mdogo alikuwa amerudi kwao. Alisimama kwenye ukingo wa kisiwa na panga. Hakuwa na sura ya mshindani, alikuwa na sura ya mtu mwenye njaa.

"Nusu ya udongo huu imetoka kwangu," alisema. "Ona, hii mizizi ya pareto yangu. Nataka nusu yangu."

Niliuona mkono wa mama ukienda kwenye mpini. Uliufikia, ukakaa pale. Kisha akainama, akachukua kikapu cha viazi, akavimwaga chini, akakitupa miguuni kwa Yotamu.

"Kweli kabisa, shemeji. Chukua nusu yako. Ipandishe."

Mtaniona mwongo, lakini Yotamu alikijaza. Alijitwika kikapu, akaupanda mlima wote, akamwaga juu ya kokoto, akashuka. Siku tatu. Mimi nilimwona, kwa sababu siku hizo nilikuwa simfichi uso tena, na hakuna aliyesema kitu. Siku ya tatu upepo wa mchana ulivuma kwenye lile korongo, ukachukua alichomwaga, ukampulizia machoni. Aliketi kwenye kokoto akalia kwa sauti. Mama alimsikia tukiwa bondeni. Hakucheka. Kesho yake alimpelekea viazi, akavitupa mlangoni kwa nguvu kama anampiga navyo mawe, akarudi.

Mvua zilipoanza tena, kitu cha kwanza Tupokigwe alichopanda, kabla hata ya mahindi, kilikuwa majani. Alivuta vishina kutoka kando ya mto, akavipanda juu ya kisiwa upande wa mlimani, hatua nne. Alizipima mwenyewe. Kisha akaniita, akanipa ule mpini mweusi wa Gideoni, mti uliovunja bega la Yotamu.

"Mimi ndiye niliyeng'oa," alisema. "Siyo Yotamu. Siyo baraza. Meno yangu hayaniumi, sikio haliniumi. Ile mizizi inaniuma. Siku ukiniona nakaribia majani haya na jembe, nipige. Usiulize."

Nilisema ndiyo, mama, kama mkwe anavyosema. Sikudhani siku hiyo itafika.

Mwaka 1958 mvua zilichelewa. Mwezi wa kumi na moja viazi vya mwisho vilikuwa vimekwisha, na Saulo alikuwa ameandika kwamba harudi bado. Nilikuwa nafua mtoni nikasikia jembe. Nilipoinua kichwa, Tupokigwe alikuwa amesimama ndani ya majani, yamemfika kiunoni, mabichi kuliko kitu chochote bondeni mwaka ule, na udongo chini yake ulikuwa na unyevu, ulikuwa mweusi, ulikuwa unanukia chakula. Alikuwa ameshapiga mara mbili.

"Mama," niliita. "Toka hapo."

"Mstari mmoja tu. Wa viazi. Mmoja."

"Mama!"

Aliinua jembe mara ya tatu. Nilikimbia, nikauchukua mpini kando ya majani, ulipokuwa ukiegemezwa siku zote, nikampiga mama mkwe wangu begani kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa ukilia, mlio uleule. Alianguka kwa magoti. Nilibaki nimesimama na mpini, nikisubiri anilaani, maana laana ya mama mkwe kwetu si mchezo.

Aliinua uso. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na lile pengo la meno lilikuwa wazi, sikujua kama analia au anacheka. Mkono wake mzima ulikuwa bado umeshika jembe.

"Piga tena," alisema. "Bado nataka."

Nikampiga tena.